Jinsi ya kusoma majina ya kigeni bila kubahatisha (na kuyaandika pia)

Chukua jina moja tu, Emre Can, yule kiungo Mjerumani mwenye asili ya Uturuki. Kwenye redio utasikia "Kan", kibanda umiza utasikia "Ken", wapo wanaosema "Chan", na wote hao wameliona limeandikwa vizuri kabisa mgongoni kwenye jezi. Linatamkwa "Jan". Sio kwamba watu ni wavivu. Herufi tunazoandikia sisi, hizi za Kirumi, ndo hizo hizo anazoandikia Mturuki, Mpolandi, Mvietnamu, Msomali, Mkikuyu na Mxhosa, na kila mmoja alizichukua akazipangia kazi kufuatana na sauti za kwao. Kwa hiyo ukiona jina la kigeni unahisi unajua kulisoma, na kweli herufi unazijua, ila makubaliano ya ile lugha huyajui.

Sisi Waswahili tuna bahati, lugha yetu inaandikwa kama inavyosemwa, mtoto akishajua silabi basi anasoma chochote. Shida inaanza tukitoka nje, tunadhani njia ziko mbili tu, ama lisome kama Kiswahili ama lisome kama Kiingereza, na mara nyingi tunakimbilia Kiingereza kwa sababu ndo lugha ya kigeni tuliyofundishwa. Kwa maoni yangu Kiingereza ndo kibaya kuliko vyote kwa kazi hii, maana chenyewe hakina msimamo kwenye kusoma, sasa kitakusaidiaje kusoma Kipolandi?

Haya nayaandika kwa ajili ya watangazaji, walimu wanaoita majina darasani, watu wa mapokezi hotelini, manesi, MC, na yeyote anayepokea wageni. Jina la mtu ni kitu anachokibeba maisha yake yote, ukilisoma vizuri mara ya kwanza unaona kabisa uso wake unavyofunguka.

Halafu tusidhani Kiswahili kilizaliwa na maandishi haya. Waswahili waliandika kwa herufi za Kiarabu karne nyingi kabla, na hata za Kirumi zilipoingia kila mgeni aliandika kwa masikio ya kwao. Angalia ramani za enzi za Mjerumani, utakuta Moschi, Aruscha, Muansa, Udjidji, na mlima umeandikwa Kilimandscharo, Wachaga wameandikwa Dschagga. Na pale hakuna aliyekosea, Mjerumani sauti ya sh anaiandika sch na sauti ya j anaiandika dsch, kwa hiyo msomaji wa Berlin akisoma Moschi anatoa "Moshi" safi kabisa. Maandishi yetu ya leo yalikuja kusawazishwa na Kamati ya Lugha iliyoanza kazi 1930 ikiegemea Kiunguja. Shika hilo kwanza: sauti ya herufi ni ile waliyokubaliana wenye lugha, basi.

Humu ndani sauti nitaziandika kwa Kiswahili kwenye alama za nukuu. Kuna sauti moja hatuna, ile j laini ya Wafaransa, ni kama sh ila koo linatetema, hiyo nitaiandika "zh".

Kwanza jua jina ni la lugha gani

Sio la nchi gani, la lugha gani. Granit Xhaka anaichezea Uswisi lakini jina ni la Kialbania, kwa hiyo sheria za Kijerumani au Kifaransa hazikusaidii kitu hapo. Linasomwa "Jaka", kwa sababu xh ya Kialbania ni j yetu.

Lugha utaijuaje? Jina lenyewe linakuonyesha, angalia alama na miisho. Ukiona ğ au ile ı isiyo na nukta juu, hiyo mara nyingi ni Kituruki. Ukiona ł, hiyo karibu kila mara ni Kipolandi. Ukiona ő au ű, yaani vimkwaju viwili vya kulala juu ya irabu, hiyo ni Kihungari. ř na ů ni Kicheki. ã na õ ukiziona kwenye jina la mchezaji mara nyingi ni Kireno. ơ na ư zenye kijindoano pembeni ni Kivietnamu. Jina limejaa irabu mbili mbili halafu lina x na c katikati ya majina unayohisi ni ya Kiislamu, huyo Msomali. Miisho nayo inasema sana, -ić ni watu wa Kroatia, Serbia, Bosnia na majirani zao, -oğlu ni Waturuki, -inho ni Wareno na Wabrazili, -ij- katikati mara nyingi ni Waholanzi. Tatizo kubwa ni kwamba magazeti na vibao vya matokeo vinafuta alama zote, Çalhanoğlu inakuwa Calhanoglu, sasa hapo ushahidi umepotea, itabidi ulitafute jina lilivyoandikwa kwao ndo uanze kusoma.

Herufi nne za kuziogopa: c, j, q na x

Kama una muda wa kujifunza kitu kimoja tu jifunze hizi nne, kwa sababu hapa ndo wengi wanapoteleza, na sababu yake ni nzuri kuijua maana ukishaijua huhitaji kukariri sana. Warumi walikuwa na herufi 23 tu, J, U na W hazikuwepo kama herufi zinazojitegemea. Baadaye lugha nyingine zikaja na sauti ambazo Mrumi hakuwahi kuwa nazo, zikawa na njia tatu za kuziandika: kuunganisha herufi mbili kama tulivyofanya sisi kwenye sh na ch, kuweka alama juu au chini ya herufi, au kuchukua herufi isiyo na kazi kwenye lugha yako ukaipa kazi mpya. Na zisizo na kazi kwa wengi ndo hizi, c na q maana k ipo, x maana ks inatosha. Ndo maana zinabadilika mno kutoka lugha hadi lugha.

Tuanze na c. Waturuki walipoacha herufi za Kiarabu mwaka 1928, chini ya Atatürk, wakatengeneza alfabeti ya herufi 29, humo c ikawa j yetu na ç yenye mkia ikawa ch yetu. Kwa hiyo Can ni "Jan", Cenk ni "Jenk", Fenerbahçe ni "Fenerbahche". Ukienda Poland, Kroatia, Serbia au Hungaria c ni "ts", Ferenc ni "Ferents". Mtaliano c yake ni k, isipokuwa ikifuatwa na e au i inakuwa ch, na hapa kuna mtego mbaya sana kwetu kwa sababu akitaka k mbele ya e au i anaandika ch, kwa hiyo Chiesa ni "Kyeza" na Chiellini ni "Kyellini", sisi tukiona ch mkono unaenda wenyewe kwenye "chai". Waindonesia na Wamalaysia walikubaliana 1972 kwamba c iwe ch, mwaka huo huo Djakarta ikawa Jakarta. Mnyarwanda naye c ni ch, Kicukiro pale Kigali ni "Kichukiro".

J ilianza kama I iliyovutwa mkia, wakaja kuzitenganisha kama herufi mbili kuanzia karne ya 16. Ndo maana lugha nyingi za Ulaya zimebaki na sauti ya karibu na i, yaani y yetu: Wajerumani, Waholanzi, nchi za Skandinavia, Wapolandi, Wahungari, Waalbania na watu wote wa -ić. Jürgen ni "Yurgen" kwa kukadiria, Joško Gvardiol ni "Yoshko", Nikola Jokić ni "Yokich", Frenkie de Jong ni "de Yong". Mfaransa na Mreno j yao ni "zh". Mhispania j yake ni kh ya "Khadija", kwa hiyo Jorge wa Hispania ni "Khorkhe" na Jorge wa Ureno anaanza na "Zh", majina yanafanana herufi kwa herufi ila ukiyachanganya watakurekebisha.

X sasa. Kireno mara nyingi ni sh, mji wa Xai-Xai kule Msumbiji ni "Shai-Shai". Kichina cha herufi za Kirumi, ule mfumo wa pinyin uliopitishwa 1958, x ni sh nyembamba ya kutabasamu na q ni ch nyembamba, kwa hiyo Xi Jinping ni "Shi Jinping" na Qingdao ni "Chingdao". Halafu zh ya Kichina sio ile zh niliyosema mwanzo, ni j, kwa hiyo nyie mnaokwenda kufunga mzigo China, Guangzhou ni "Gwangjou" na Shenzhen ni "Shenjen", jaribuni kwa dereva wa teksi muone tofauti. Kialbania q ni ch laini, ndo maana jina la mchezaji Shaqiri kwa Kialbania ni "Shachiri".

Wa mwisho kwenye kundi hili ni Wazulu na Waxhosa, wao c, q na x wamezipa midoko, zile sauti za kugonga ulimi. C ni ile ya kusikitika, "ts ts ts" ya ulimi kwenye meno. Q ulimi unabandika juu kabisa unauachia ghafla mlio wa pop. X unagongea pembeni shavuni, kama unamhimiza punda. Jiji la Port Elizabeth lilibadilishwa jina 2021 likawa Gqeberha na ulimwengu mzima ukashtuka, ila ukijua q ni mdoko na rh pale ni kh, unajaribu na unafika. Tanzania tuna Wasandawe na Wahadzabe wenye midoko kwenye lugha zao, kwa hiyo hizi sauti sio za mbali kama tunavyojifanya.

Majirani zetu kwanza kabla ya Ulaya

Hapa nataka tukae kidogo, maana inaniuma kuona mtu anajua kutamka jina la kipa Mpolandi Szczęsny lakini jina la mwenzake wa ofisini kutoka Garissa au Nyeri halijui.

Kisomali kilipewa herufi rasmi za Kirumi Oktoba 1972, kwa mfumo uliotokana na kazi ya Shire Jama Ahmed, na uzuri wake ni kwamba hauna alama juu ya herufi, taipureta ya kawaida ilitosha. Ili kufanikisha hilo herufi zilizolala zikapewa kazi: c ni ile 'ayn ya Kiarabu ya kukaba koo, na x ni ile h nzito ya kooni unayoisikia msomaji wa Kurani akitamka Muhammad. Ukishajua hayo mawili tu, mlango umefunguka, Cabdi ni Abdi, Cumar ni Umar, Xasan ni Hassan, Maxamed ni Muhammad, Cali ni Ali. Aliyepita madrasa hana cha kujifunza hapa, sauti anazo tayari, ni kujua tu zimekaa kwenye herufi gani. Irabu ikiandikwa mara mbili ivute.

Kikuyu kina irabu saba na herufi za irabu ni tano, kwa hiyo mbili zikawekewa kiwimbi juu, ĩ ambayo iko karibu na e yetu, na ũ ambayo iko karibu na o yetu. Ongeza kwamba c ni sh na th ni dh. Sasa soma "cũcũ". Umeona? Ni "shosho", bibi, lile neno Wakenya wote wanalitumia hata wasio Wakikuyu. Mũthoni ni "Modhoni" na Gĩkũyũ inakaribia "Gekoyo". Ukifuta viwimbi unakuwa umezichanganya irabu mbili mbili, na kwenye lugha ambayo irabu moja inabadilisha neno zima hilo ni jambo kubwa, sio pambo.

Luganda ukiona ky soma ch, Kyambogo ni "Chambogo", Kyagulanyi ni "Chagulanyi". Konsonanti ikiandikwa mara mbili, kama Ssebunya au Nnalubaale, ishikilie kidogo kabla hujaiachia. Na ile ŋ yao ni ng' yetu ya ng'ombe.

Kongo na Komoro wao majina yao yamepitia maandishi ya Kifaransa. Mfaransa hana ch yetu kwenye herufi moja, anaandika tsh au tch, na j yetu anaandika dj, na u anaandika ou. Kwa hiyo Tshisekedi ni "Chisekedi", Djugu kule Ituri ni "Jugu", na kisiwa cha Ngazidja ni "Ngazija". Ukisoma T-shi-se-ke-di kwa kuigawanya unatafuta shida bure.

Msumbiji ni Kireno: nh ni ny, lh ni ly, ch ni sh, gue ni "ge". Inhambane ni "Inyambane", Chissano ni "Shisano", Guebuza ni "Gebuza", rais wa sasa Chapo ni "Shapo". Watu wa Mtwara mnaopakana nao hii mngekuwa mnaijua kuliko sisi wote.

Na Afrika Magharibi kuna jambo ambalo likikukaa kichwani hutoshangaa tena kwenye AFCON. Senegal iliandikwa na Mfaransa, Gambia iliyo katikati yake iliandikwa na Mwingereza, watu ni wale wale, koo ni zile zile. Ndo maana Diallo wa upande mmoja ni Jallow wa upande wa pili, Cissé ni Ceesay, Touré ni Touray, Ndiaye ni Njie. Kwa maandishi ya Kifaransa kumbuka tu ou ni u au w na gue ni "ge": Ouattara ni "Watara", Kouyaté ni "Kuyate", Gueye ni "Geye".

Turudi Ulaya haraka haraka

Kuna jozi moja ya kuchekesha na lazima uijue. Kipolandi sz ni sh na s ni s. Kihungari ni kinyume kabisa, s ni sh na sz ni s. Kwa hiyo Szczęsny wa Poland ni "Shchensni" (cz ni ch), wakati Szoboszlai wa Hungaria ni "Soboslai", hakuna sh hata moja, na Puskás ni "Pushkash". Kila nikisikia "Shoboshlai" najua mtu kasoma Mhungari kwa macho ya Kipolandi.

W: kwa Mjerumani na Mpolandi ni v. Wirtz ni "Virts" maana z ya Mjerumani nayo ni "ts". Lewandowski ni "Levandofski". Mpolandi akitaka w yetu anatumia ł, na ó yake ni u, kwa hiyo mji wa Łódź unasomwa kama "Wuch", naapa hakuna anayeupatia mara ya kwanza.

Watu wa -ić ndo rahisi kuliko wote Ulaya kwa Mswahili, wanaandika kama wanavyosema kama sisi. č na ć ni ch, š ni sh, ž ni "zh", đ ni j laini, j ni y. Basi. Modrić "Modrich", Dončić "Donchich".

Kituruki ğ haitamkwi, inavuta irabu iliyoitangulia tu, Erdoğan ni "Erdoan", Çalhanoğlu ni "Chalhanoolu", Gündoğan mwishoni ni "doan". Norwe aa ni maandishi ya zamani ya å, ambayo ni o pana, ndo maana kwao Haaland ni "Holan" na ile d ya mwisho inamezwa. Kiholanzi ij ni "ei", van Dijk ni "fan Deik".

Na kitu kimoja ambacho sisi tuko mbele ya Waingereza wote: ny na ng'. Sauti ya ny tunayoitamka tangu utotoni Mhispania anaiandika ñ, Mreno na Mvietnamu nh, Mtaliano na Mfaransa gn, Mhungari ny, Mkroatia nj, Mpolandi ń, Mcheki ň. Ni ile ile moja. Na Nguyễn, jina la ukoo lililosambaa kuliko yote Vietnam, Mwingereza linamshinda kwa sababu hawezi kuanza neno na ng', sisi ni "Ng'wien" na tumemaliza (toni itabaki, Kivietnamu kina toni sita na alama nyingi za juu na chini zinaonyesha hiyo, mfumo uliotokana na wamisionari wa Kireno na wenzao, kamusi ya Alexandre de Rhodes ilichapwa Roma 1651, ndo maana nh yao inafanana na ya Kireno).

Mkazo

Kiswahili mkazo uko silabi ya pili kutoka mwisho na tunaupeleka kila mahali. Kipolandi hapo tunafanana, usibadilishe kitu. Kihungari na Kicheki ni silabi ya kwanza daima, PUSH-kash. Kifaransa mwishoni. Kituruki kwa kawaida mwishoni pia ingawa majina ya miji yana tabia zake. Ukikosea mkazo bado utaeleweka kwa hiyo hii isikunyime usingizi.

Hakikisha kabla hujafungua mdomo

Usitegemee video za mashabiki, nusu yao wanabahatisha. Tafuta mahojiano ambapo mtu mwenyewe anajitambulisha, au mtangazaji wa nchi yake akisoma kikosi. Tovuti ya Forvo ina sauti za wazawa wakitamka maneno na majina ya lugha nyingi. Programu za kutafsiri zina kitufe cha spika, ila chagua lugha sahihi kwanza, maana ukiacha kwenye Kiingereza itakusomea Kiingereza. Na mtu akiwa mbele yako muulize, "jina lako linatamkwaje kwenu?", halafu rudia mbele yake mpaka akubali. Wapo waliokulia ugenini wakabadilisha matamshi ya jina lao, huyo neno lake ndo la mwisho hata kama sheria zote za hapa zinasema vingine.

Kuziandika

Kwenye simu bonyeza herufi ushikilie, zitatokea ndugu zake. Shikilia c utapata ç na ć, shikilia n utapata ñ, shikilia s utapata ß na š, shikilia o utapata ø na ö. Ambayo haitokei, ingia kwenye mipangilio ya kibodi uongeze lugha husika, Gboard, ile kibodi ya Google, ina orodha ndefu sana ya lugha, tafuta na za kwetu humo. Ukikosa kabisa ĩ na ũ za Kikuyu au Kikamba kuna njia ya kuzunguka, Kivietnamu kinazo zote mbili, ongeza kibodi ya Kivietnamu ya Telex, andika i kisha x upate ĩ, u kisha x upate ũ. Ila ukimaliza rudi kwenye kibodi yako maana hiyo ukiandika aa inageuza kuwa â.

Kwenye Word ya Windows andika namba ya herufi halafu bonyeza Alt na X kwa pamoja: 0129 inakuwa ĩ, 0169 inakuwa ũ, 014B inakuwa ŋ, 011F inakuwa ğ. Andika namba hizo kwenye karatasi ubandike pembeni ya skrini. Mac ukiishikilia herufi inakuletea chaguo kama simu.

Na ng' yetu pia ina matatizo yake. Kile kialama simu nyingine zinakigeuza kuwa cha kujipinda, kompyuta inakiona ni kitu kingine kabisa, matokeo yake kwenye baadhi ya programu unatafuta "ng'ombe" kwenye faili lenye kurasa mia na halioni wakati lipo. Kama unaandaa orodha ya majina au kamusi chagua kialama kimoja kilichonyooka, zima ule ugeuzaji wa wenyewe kwenye mipangilio, au kikipinda bonyeza Ctrl na Z hapo hapo kinanyooka.

Mwisho pasipoti na tiketi, hapa sheria ni tofauti. Ile mistari miwili ya chini kwenye pasipoti yenye alama za <<< inakubali A mpaka Z tu, kwa utaratibu wa shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO. Kwa hiyo Ø inakuwa OE, Å inakuwa AA, ß inakuwa SS, na kialama cha ng' kinaondolewa kabisa, Ng'ang'a anakuwa NGANGA. Ukikata tiketi ya ndege kwenye intaneti andika jina kama lilivyo kwenye mistari ile ya chini, sio kama ulivyozoea kuliandika, na ukimkatia mgeni wako muombe akupigie picha ukurasa huo kabla hujalipa, kwa sababu kurekebisha jina kwenye tiketi mara nyingi kuna ada.